Picha ya Paja la Mkwezi

Mashine ilifika mwishoni mwa mwaka 1996, ndani ya sanduku la mbao lenye mchoro wa kichwa cha farasi. Zilikuwa zama za mitumba. Mashati, baiskeli, majokofu, hata malori: karibu kila kitu kilichoshushwa pwani ya Lindi kilikuwa kimekwisha kutumiwa na mtu mwingine mahali pengine. Mashine ya ultrasaundi nayo ilikuwa hivyo. Kabla ya kuletwa kwenye kituo kidogo cha afya kaskazini mwa mji, ilikuwa Ulaya ikipima miguu ya farasi wa mashindano. Kitabu chake kilikuwa na kurasa sitini za miguu ya farasi na kurasa nne za mimba, nazo ni za farasi.

Aliyekabidhiwa mashine hiyo ni muuguzi aliyeitwa Apolonia Lukas. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa uwanda wa Makonde, binti wa mkulima wa korosho, mama wa watoto watatu. Alikuwa amesoma miezi mitatu Dar es Salaam namna ya kupima mimba kwa ultrasaundi, na kituo kilitaka hilo tu.

Lakini mashine ilikuja na vichwa viwili vya kushika mkononi. Kimoja kilikuwa kikubwa, kimepinda, kinafaa kwa tumbo. Cha pili kilikuwa kidogo na bapa, kimetengenezwa kwa ajili ya misuli na kano. Wenzake walikiacha sandukuni. Apolonia alikitoa, akakifuta, akajipima paja lake mwenyewe, na pale kwenye kioo akaona nyuzi za msuli zimelala sambamba kama miyaa iliyopangwa tayari kusukwa ukili wa mkeka. Aliendelea kupima kila aliyekuja na mguu au mkono ulioumia. Msuli ukichanika, miyaa ile ilikatika na katikati yake kukawa na pengo jeusi. Weusi ule ulikuwa damu. Mambo yakienda vizuri, wiki baada ya wiki pengo lilipungua, likawa la kijivu, kisha mistari ikaanza kurudi. Ngozi haikuonyesha lolote kati ya hayo. Ngozi ilifunga mapema, mgonjwa akarudi shambani, na mwezi uliofuata alirudi kituoni akichechemea.

Mganga mfawidhi, Nikodemo, hakuona maana. Jenereta iliwashwa Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa mbili tu, na dizeli ilikuwa ya mimba.

"Mguu ukiuma mwenyewe atasema," alimwambia. "Mtoto tumboni hasemi."

Walipatana kwamba misuli ingepimwa baada ya mama mjamzito wa mwisho, kama muda wa jenereta ungebaki. Mara nyingi zilibaki dakika kumi na tano. Jeli ya kupaka mgonjwa ilipoisha na nyingine isije, Apolonia alipika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, akatia chumvi, akaupoza, akautumia. Ulifanya kazi.

"Leo unawapaka uji," Nikodemo alisema. "Kesho tutakuta umewapaka mchuzi."

Salumu aliletwa Februari 1998, mwaka wa mvua za elnino. Alikuwa mkwezi wa Mchinga, mwenye miaka thelathini na mitatu. Alikuwa na ukwezi wa shamba la Mzee Suleiman, mtu wa mjini Lindi: minazi mia mbili na kidogo, mirefu, ambayo baba yake Salumu aliiangua kabla yake. Ujira ulikuwa ule wa siku zote, nazi moja kwa kila mnazi uliopandwa. Siku ile shina lilikuwa limelowa. Akiwa juu kiasi cha kimo cha watu wawili, mguu wa kulia ulitoka kwenye ngazi iliyochongwa shinani. Alibaki akining'inia kwa mikono, paja likavutika ghafla, na kisu chake cha kiunoni kikalipasua. Alishonwa nyuzi tisa.

Mzee Suleiman hakuwa mtu mbaya. Alituma pole na mchele. Pia alituma maneno: maangusho ya nazi ya mwezi wa tatu yangefanywa na mkwezi wa kuazima, lakini mwezi wa sita, kama Salumu hajapanda mwenyewe, shamba lingepewa mtu mwingine moja kwa moja. Minazi iliyochelewa kuanguliwa ilidondosha nazi, na nazi zilizodondoka ziliokotwa na kila mpita njia. Magari ya wanunuzi kutoka Dar yalikuja kwa ratiba yao.

Siku ya tano Salumu alilala kwenye kitanda cha kupimia.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Mimi si daktari, ni muuguzi."

"Hii si ndiyo mashine ya farasi?"

"Ndiyo hii."

"Basi nikipona nitakimbia Lindi mpaka Kilwa."

"Ukipona utatembea. Lala, acha kujikaza."

Alipopakwa uji wa baridi aliruka. "Lo! Mmakonde kanipaka uji. Nikiwasimulia Wamachinga wenzangu watasema sasa umebaki ugali."

"Ugali ni wa wiki ijayo. Tulia."

Pengo lilikuwa milimita arobaini na moja. Apolonia aliandika kwenye kadi, kisha akamwambia mambo matatu aliyowaambia wagonjwa wote wa misuli: usipande, usikimbie, usibebe. Aliyarudia kila wiki, na kila wiki Salumu aliyaitikia kama mtoto wa chuo cha Kurani anayeitikia mwalimu.

Wiki ya pili pengo lilikuwa thelathini na tatu. Wiki ya tatu, ishirini na tisa. Wiki ya nne nyuzi zilikwisha kutolewa, kidonda kimefunga, kovu limekauka, na pengo limeshuka hadi milimita ishirini na nne, la kijivu katikati. Hadi mwezi wa sita zilibaki wiki kumi na tatu. Apolonia alipiga hesabu na kuona kwamba inawezekana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashine ile kumwonyesha msuli unaopona tangu mwanzo bila kukosa wiki hata moja, naye alitaka kuufuata mpaka mwisho.

Salumu ndiye aliyechoka kungoja. "Tazama mwenyewe, mguu mzima huu. Watu wananiambia najidekeza. Mzee Suleiman kaniuliza kama nimekuwa karani."

Basi Apolonia akafanya jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Karatasi ya kuchapia picha ilibaki nusu ya bunda na ilitunzwa kwa mimba zenye matatizo. Alichapa picha ya paja la Salumu. Kwenye picha hiyo, kama kawaida ya mashine, ncha mbili za pengo zilikuwa na alama mbili ndogo za msalaba, kuonyesha lilipoanza na lilipoishia.

"Mwonyeshe Mzee Suleiman," alimwambia. "Mwambie hapa ndipo palipochanika, na panaziba. Asikuharakishe."

Salumu aliikunja picha ndani ya kadi kwa uangalifu.

Wiki ya tano pengo lilikuwa milimita thelathini na saba, na lilikuwa jeusi tii.

Apolonia alipima tena. Alihamisha kichwa cha mashine, akapima kwa mlalo, kisha kwa wima. Alijipima paja lake kuona kama mashine imeharibika. Miyaa ilikuwa imelala palepale. Akamgeukia Salumu.

"Umepanda."

"Sijapanda."

"Umebeba mzigo."

"Wallahi sijabeba hata ndoo. Mke wangu ndiye anayebeba, watu wananicheka."

"Hii ni damu mpya, Salumu. Damu haijimwagi yenyewe."

"Sasa mimi nikuambie nini?"

Wiki ya sita pengo lilikuwa thelathini na tisa. Jenereta ilibakiwa na dakika sita, Nikodemo alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo, na wanawake wanane wajawazito walikuwa kwenye benchi la nje wakisikia kila neno.

"Mtu mzima unaniongopea," Apolonia alisema. "Natumia dizeli ya wenzako, natumia muda wangu, wewe unakwenda kupanda minazi ukirudi unaniapia."

Salumu alifuta uji kwa shati lake. "Labda mashine yako imezoea farasi. Binadamu haimwelewi." Akatoka. Wiki ya saba hakuja.

"Mwache," Nikodemo alisema. "Umempima mara sita. Nani amewahi kupimwa paja mara sita?"

Lakini Apolonia hakumwacha. Alikasirishwa na Salumu, na alikasirishwa zaidi na zile namba. Arobaini na moja, thelathini na tatu, ishirini na tisa, ishirini na nne: huo ni msuli unaopona. Kisha thelathini na saba, thelathini na tisa. Kitu fulani kilikuwa kimetokea kati ya wiki ya nne na ya tano, nacho kilikuwa kikiendelea.

Gari la kliniki ya mkoba lilipokwenda Mchinga kupima uzito wa watoto, alipanda. Alipomaliza kazi alikwenda kwanza shambani kwa Mzee Suleiman, kama mpelelezi. Alikagua mashina. Ngazi zilizochongwa zilikuwa zimeota ukungu wa mvua. Hapakuwa na alama ya mguu tangu maangusho ya mwezi wa tatu. Aliwauliza wanawake wawili waliokuwa wakifua nazi karibu na hapo. Wakacheka. Salumu kupanda? Salumu alikuwa akishinda barazani kama bibi harusi.

Hivyo hakuwa ameongopewa. Kutoka shambani hadi nyumbani kwa Salumu ni mwendo wa robo saa, naye alitembea akitafuta namna ya kuomba radhi.

Salumu hakuwapo, alikuwa msikitini. Aliyempokea ni shangazi yake, Mwanaheri, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mfupi, mwenye vidole vinene. Katika vijiji vitatu vya jirani hakuna mzazi aliyetoka arobaini bila kukandwa na Mwanaheri, wala mvuvi aliyeteguka bega akapona bila yeye.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiye mimi."

"Karibu ndani, mwenzangu. Kazi yako nzuri. Nimeitumia."

Apolonia hakuelewa. Mwanaheri alimshika mkono akamwingiza chumbani. Ukutani, juu ya kitanda cha kamba, picha ya paja ilikuwa imebandikwa kwa ulimbo. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta ya nazi mpaka imekuwa ya manjano. Katikati ya misalaba miwili palikuwa na doa la mviringo, limekolea, lenye ukubwa wa kidole gumba.

"Kidonda kibichi hakikandwi," Mwanaheri alieleza. "Nilingoja. Nyuzi zilipotoka, yeye akaniletea hii. Zamani mtu nampapasa papasa, nabahatisha. Hapa naona: damu imevilia, nyeusi hii, na wewe umeniwekea alama huku na huku. Misalaba yenu ya kanisani hiyo, lakini nikaisamehe, maana imeniongoza. Kila asubuhi namkanda kwa maji ya moto na mafuta, kisha naitoa hiyo damu kwa gumba, hapohapo penye alama."

"Kila asubuhi?"

"Analia kama mtoto. Namwambia jikaze, mwezi wa sita unakuja."

Apolonia aliketi kwenye kitanda cha kamba. Kila asubuhi, kwa muda wa wiki tatu na zaidi, nyuzi changa za msuli zilizoshika usiku zilikuwa zikichanwa kwa gumba, na aliyeonyesha gumba mahali pa kubonyeza alikuwa yeye.

"Shangazi, hiyo damu haitolewi. Ikibonyezwa inamwagika nyingine."

"Mbona hukusema?"

Hilo ndilo swali lililomkaa. Alikuwa amekataza kupanda, kukimbia na kubeba. Hakukataza kukandwa, kwa sababu halikumjia akilini. Yeye mwenyewe, kila alipojifungua, mama yake alishuka kutoka uwandani akamkanda siku arobaini. Kukandwa hakukuwa jambo ambalo mtu alilifanya au aliliacha. Lilikuwa kama kuoga. Salumu naye, alipoambiwa umepanda, umebeba, alijibu kweli tupu. Hakuwa amefanya kitu. Alikuwa amelala, akafanyiwa.

"Njoo kituoni Ijumaa," Apolonia alisema. "Uje naye. Uone mwenyewe."

"Nije nipimwe na mashine ya farasi?"

"Uje upime na mimi."

Walikuja. Salumu alilala bila mzaha. Apolonia alipaka uji, akaweka kichwa bapa, na Mwanaheri akasogea kwenye kioo mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Weka gumba lako pembeni ya kifaa hiki. Bonyeza kidogo tu. Nusu ya unavyobonyeza siku zote."

Mwanaheri alibonyeza. Kwenye kioo pengo lilifunguka kama mdomo, na vijistari vyembamba vya kijivu vilivyokuwa pembeni vikaachana. Salumu aliuma meno. Mwanaheri aliondoa gumba haraka kuliko alivyoliweka.

"Ile kijivu ni nini?"

"Ni nyama mpya."

Mwanaheri alifuta gumba kwa khanga yake. Kisha akaelekeza kidole mahali pengine, chini ya pengo. "Na hii nyeupe?"

Apolonia alikuwa ameiona sekunde moja kabla yake na alikuwa akitumaini kwamba ni kosa la mashine. Ulikuwa mstari mweupe, wa milimita kumi na mbili, na nyuma yake kivuli. Kwenye kitabu cha farasi ulikuwa ukurasa wa arobaini na nne. Nyama iliyojeruhiwa ikabonyezwabonyezwa bila kupumzishwa, mara nyingine huanza kuota mfupa.

"Ni mfupa," alisema.

"Paja lina mfupa."

"Si ule. Huu ni mwingine, ndani ya nyama."

Salumu aliinua kichwa. "Mtautoa?"

Nikodemo, ambaye safari hii alikuwa ameingia kuangalia, ndiye aliyejibu. "Hautolewi hapa. Na ukitolewa mapema, unarudi." Nje ya mlango alimwambia Apolonia kwa sauti ya chini: "Umemtibu kwa mashine, nyumbani wamemtibu kwa gumba. Gumba limeshinda."

Usemi huo ulimuudhi Apolonia kwa miezi mingi, kwa sababu haukuwa sahihi. Gumba halikushindana na mashine. Gumba liliifuata.

Mwanaheri aliacha kukanda siku hiyohiyo, na hakuacha kwa shingo upande. Alikuwa mkali kuliko Apolonia. Majirani walioleta mafuta aliwafukuza. Alikuja na Salumu kila Ijumaa, akakaa kwenye benchi na wajawazito, akiwakagua migongo kwa macho. Pengo lilianza kushuka tena: thelathini, ishirini na mbili, kumi na tano. Mstari mweupe nao uliongezeka hadi milimita kumi na tisa, kisha ukasimama.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita pengo lilikuwa milimita sita. Kwa kipimo cha msuli peke yake, Salumu alikuwa amepona.

"Nipande?" aliuliza.

"Chuchumaa kwanza."

Alichuchumaa. Mguu wa kushoto ulikunjika wote. Wa kulia ulifika nusu ukagoma, goti likabaki mbele kama la mtu aliyekatazwa kukaa. Apolonia alimwambia arudie. Alirudia mara tatu, jasho likimtoka, na mara zote goti liligoma palepale.

Nyuma ya kituo kulikuwa na mnazi. Salumu hakuomba ruhusa. Alivua kandambili, akafunga kamba miguuni, akakumbatia shina. Mkwezi hujivuta kwa mikono, kisha huleta magoti yote mawili karibu na kifua na kushika shina upya kwa nyayo. Alijivuta. Goti la kushoto lilikuja. La kulia halikuja. Alijaribu kupanda kwa mguu mmoja, akapata hatua mbili, akateleza, akajaribu tena. Wajawazito walikuja kutazama. Alipofika kimo cha kichwa cha mtu alibaki amekumbatia mnazi kwa muda, hapandi wala hashuki, kisha akashuka.

"Minazi mifupi nitaweza," alisema akifungua kamba. Shamba la Mzee Suleiman halikuwa na mnazi mfupi hata mmoja, na yeye, Apolonia na Mwanaheri walilijua hilo.

"Nilipaswa kuuliza," Apolonia alisema. "Wiki ile ya tano. Badala ya kukuita mwongo."

"Uliniita mbele ya watu."

"Nilikuita."

"Haya." Alivaa kandambili. "Mzee Suleiman anataka jibu leo. Nipe picha nimpelekee, maana maneno yangu haamini."

Karatasi zilikuwa zimebaki chache sana. Apolonia alirudi ndani, akachapa picha ya mwisho, yenye pengo la milimita sita na mstari mweupe chini yake. Kabla ya kuitoa alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu yake kwa herufi kubwa, upana wote wa karatasi. Tangu siku ile hakutoa picha ya msuli bila kuandika hivyo, hata kwa mgonjwa aliyetoka nyumba isiyo na mkandaji.

Mwanaheri ndiye aliyeipokea. Aliishika mbali na macho, akaisoma kwa kufuatisha silabi, kama walivyofundishwa kwenye madarasa ya watu wazima.

"A-si-ka-ndwe."

Alimpa Salumu, akajifunga khanga vizuri kwa ajili ya safari ya kurudi.

"Ungeiandika kwenye ile ya kwanza," alisema.